Utumbo wa Mtoto Unapochelewa Kuamka Baada ya Upasuaji

Kila asubuhi kwenye wodi ya watoto waliopasuliwa tumbo, daktari akifika kitandani huuliza swali ambalo nyumbani lingemletea mtu karipio: "Amejamba?" Mama mgeni huinamisha uso. Baada ya siku mbili haoni haya tena, na yeye ndiye wa kwanza kulingoja swali hilo. Nimekuwa muuguzi kwenye wodi za namna hiyo kwa miaka mingi. Nimeona akina mama wakipiga vigelegele kwa ajili ya upepo uliomtoka mtoto wa miaka minne, na nimeona mama wa kitanda cha pili akigeukia ukutani, kwa sababu wa kwake yuko siku ya tano na bado.

Huyo wa siku ya tano ndiye ninayemwandikia. Maswali yake nayajua. Mbona mtoto wa mwenzangu alipasuliwa siku moja na wangu, na leo anakunywa uji? Nilikosea wapi? Au daktari ndiye aliyekosea? Jibu langu ni kwamba utumbo hauchelewi bure. Sababu zake nyingi zinajulikana, na zile nzito mara nyingi zilikuwepo kabla kisu hakijagusa ngozi. Mzazi akizijua, anajua la kuuliza na la kufanya, na anajua pia ni wakati gani kungoja kunageuka kuwa hatari.

Utumbo ni msuli unaojiendesha wenyewe. Mwaka 1899 wanasayansi wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, walieleza jinsi ukuta wa utumbo ulivyo na mishipa yake ya fahamu inayosukuma chakula mbele, na jinsi mishipa mingine inayotoka upande wa uti wa mgongo inavyoweza kuusimamisha. Tumbo likifunguliwa na mikono ikagusa utumbo, hiyo mishipa ya kusimamisha ndiyo inayoshika usukani. Saa kadhaa baadaye ukuta wenyewe huvimba, chembe nyeupe za damu zikamiminika kwenye msuli, na msuli uliovimba hausukumi vizuri. Kwa hiyo kila utumbo ulioguswa hulala kidogo. Utumbo mwembamba huamka kwanza, mara nyingi ndani ya siku moja. Tumbo la chakula hufuata kwa siku moja hadi mbili. Utumbo mpana huwa wa mwisho, siku ya pili au ya tatu, na wakati mwingine zaidi kama kazi ilikuwa kubwa. Ule upepo tunaoulizia unatoka kwenye huo wa mwisho, ndiyo maana mtoto anaweza kuwa anaendelea vizuri na bado hajajamba.

Sasa turudi nyuma, kabla ya kisu, kwa sababu huko ndiko siku nyingi hupotea.

Kinacholaza utumbo kuliko yote ni usaha tumboni. Kidole tumbo kilichotolewa kabla hakijapasuka humruhusu mtoto kurudi nyumbani baada ya siku chache. Kikipasuka, usaha humwagika juu ya utumbo wote, na utumbo uliooga usaha hukaa kimya hata baada ya kusafishwa. Mtoto mkubwa atakuambia maumivu yalianza kitovuni yakashuka upande wa kulia. Wa chini ya miaka mitano hawezi kukueleza hivyo. Anakataa kula, ana homa, anatapika, analala amekunja miguu, na hospitali anafika tayari kimeshapasuka.

Taifodi nayo ina njia yake. Vidonda vyake hukaa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na kwa kawaida hutoboka homa ikiwa imeingia wiki ya tatu. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 104 waliofanyiwa upasuaji kwa sababu ya matundu hayo. Mtoto mwenye homa ya wiki mbili ambaye ghafla tumbo linakuwa gumu kama ubao, hata kukohoa anaogopa, asingojeshwe hadi asubuhi.

Kisha kuna ugonjwa ambao huniuma zaidi, kwa sababu hupotezwa kwa jina lisilo lake. Utumbo wa mtoto mchanga, hasa kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja, unaweza kujiingiza ndani yake wenyewe kama mkono wa shati unapokunjwa. Mtoto analia kwa vipindi, anavuta magoti kifuani, halafu ananyamaza na kulegea kana kwamba hana kitu, kisha analia tena. Baadaye anatapika, na baadaye zaidi anatoa choo chenye damu na kamasi. Nyumbani wanasema ni chango. Dukani wanauziwa dawa ya kuhara damu. Siku ya kwanza utumbo huo wakati mwingine hurudishwa bila kupasua kabisa. Ukifika siku ya tatu, mara nyingi kipande kimeoza, na daktari hana budi kukikata na kuunganisha ncha mbili. Utumbo ulioungwa huchelewa kuliko ule uliorudishwa tu.

Simlaumu mama yeyote kwa hili. Nauli haipatikani usiku, zahanati ya kwanza inaweza kutoa dozi ya malaria na kusema rudi kesho kutwa. Lakini kama unayesoma hujafika huko bado, jua hili: matapishi ya kijani, yaani nyongo, kwa mtoto mdogo ni jambo la saa, halingoji kesho.

Jambo la pili linaloanzia nyumbani ni mwili wenyewe. Mtoto aliyekonda, au aliyevimba miguu kwa utapiamlo, ana protini ndogo kwenye damu. Maji hutoka kwenye mishipa yakajaa kwenye ukuta wa utumbo, na mshono hupona polepole. Huyo huyo mara nyingi ana upungufu wa potasiamu, chumvi ambayo msuli hauwezi kufanya kazi bila hiyo. Aliyetapika siku tatu au kuharisha wiki nzima ameipoteza, na akiwekewa mpira wa puani unaovuta maji ya tumbo anaendelea kuipoteza. Nimeona watoto waliokaa wiki wakisemwa "utumbo umegoma", kipimo kikapigwa, potasiamu ikakutwa chini, ikarudishwa, na kesho yake tumbo likaanza kunguruma. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari siku ya tatu ni hili: "Chumvi za damu za mwanangu zimepimwa? Potasiamu ikoje?" Si swali la ujeuri. Daktari mzuri hulifurahia.

Na ukiambiwa dripu ina potasiamu, usiguse lile gurudumu la kuongeza kasi, hata kama unaona inadondoka taratibu mno. Potasiamu ikiingia haraka inaweza kusimamisha moyo. Ndiyo maana tunaiweka kidogo kidogo, na ndiyo maana tunakusumbua kuhusu mkojo: kabla ya kuiweka tunataka kujua figo zinafanya kazi. Mtoto wa kilo 10 atoe walau mililita 10 kila saa, yaani karibu kikombe kimoja cha chai kwa siku nzima. Ukiona hafiki hapo, sema. Maji mengi mno nayo hudhuru. Zamani tuliamini kadiri dripu zilivyokuwa nyingi ndivyo mtoto alivyopona. Leo tunajua maji ya ziada yenye chumvi huvimbisha ukuta wa utumbo ule ule tunaoungoja uamke.

Kuna watoto ambao kuchelewa kwao ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mzazi aambiwe hivyo mapema. Mchanga aliyezaliwa utumbo ukiwa nje ya tumbo, hata akifungwa vizuri, utumbo wake unaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kupokea maziwa, na katika hospitali zetu nyingi lishe ya kupitia mshipani ni adimu. Yupo pia anayezaliwa sehemu ya mwisho ya utumbo ikiwa haina chembe za fahamu, na dalili yake ya kwanza ni kutopata choo kile cheusi cha mwanzo ndani ya saa 48. Njiti nao hawafanani na watoto wa umri wao. Mtoto wa saratani anayepewa dawa ya vinkristini anaweza kufunga choo kwa sababu ya dawa hiyo, hata bila kupasuliwa.

Chumbani kwa upasuaji wewe huingii, lakini waweza kuuliza baadaye: "Daktari, mlikuta nini ndani?" Jibu hilo lina siku za kungoja ndani yake. Tumbo lililofunguliwa dakika arobaini likiwa safi si sawa na lililokaa wazi saa tatu, likasafishwa usaha, likakatwa na kuungwa. Aliyepasuliwa mara ya pili ana utumbo ulioshikamana na makovu, na kuyaachanisha ni kuugusa zaidi. Aliyefanyiwa kwa matundu madogo na kamera, pale huduma hiyo ilipo, kwa kawaida huamka mapema. Mama aliyepata jibu hilo haumizwi tena na kitanda cha jirani.

Nina la kusema zaidi kuhusu dawa za maumivu, kwa sababu hapa wazazi wana uwezo mkubwa kuliko wanavyodhani. Maumivu yenyewe hulaza utumbo. Mofini, pethidini na tramadoli, zinazoondoa maumivu makali, nazo hulaza utumbo. Mtego huo una njia ya kutokea. Mtoto apewe parasetamoli kwa saa maalumu, si mpaka alie. Kama figo ziko salama na hakuna hatari ya kuvuja damu, daktari anaweza kuongeza ibuprofeni. Ganzi inaweza kuchomwa kwenye kidonda, au chini ya mgongo wakati amelala thieta. Hapo mofini inabaki kwa maumivu yanayovuka hayo yote, na kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo swali la kabla ya upasuaji ni: "Mtamtuliza vipi, na mnaweza kumwekea ganzi?" Usiikatae mofini kwa woga mtoto akiwa anateseka. Mtoto anayeumia hapumui kwa kina, hatikisiki, na analia akimeza hewa inayokwenda kulijaza tumbo lile lile lililovimba.

Na fungua mkoba wako. Dawa ya tumbo inayopendwa sana madukani, Buscopan, kazi yake ni kulegeza misuli ya utumbo. Siku ya tatu baada ya upasuaji hiyo ni kama kumwimbia bembelezi mtu unayetaka aamke. Dawa za kuzuia kuhara, ndiyo kabisa, zisimkaribie. Hata zile za mafua na mwasho zinazoleta usingizi hupunguza mwendo wa tumbo. Tuambie kila kitu alichomeza au alichowekewa kwa njia ya haja kubwa, pamoja na mitishamba. Hatuulizi ili kugombana.

Nakumbuka bibi mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake wa miaka sita. Utumbo ulikuwa umetobolewa na taifodi, na ilikuwa siku ya nne. Nilimkuta na chupa ya uji wa ulezi chini ya khanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mnaniulia mtoto kwa njaa."

Nilikaa kitandani pale. Nilimwonyesha mfuko wa mpira wa puani, ukiwa umejaa maji ya kijani. Nikamwambia, "Bibi, haya ndiyo yaliyokuwa yapite chini. Hayapiti. Tukiongeza uji juu yake utarudi juu, na akiwa amelala chali utaingia kwenye mapafu." Aliutazama ule mfuko kimya, halafu akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumweleza: atajuaje kwamba sasa yanapita? Tulikubaliana awe mlinzi wa mfuko. Kila asubuhi alinieleza rangi na kiasi. Siku ya sita yalikuwa meupe, chini ya nusu ya yale ya jana, na kijana akawa anamgombeza nyanya yake anataka soda. Nani alihitaji kipimo kingine?

Hizo ndizo dalili za kufuatilia. Maji ya mpira yanapungua na kuacha ukijani, tumbo linalainika, mtoto anaomba chakula mwenyewe, upepo unatoka, halafu choo. Kunguruma kwa tumbo peke yake si kipimo, maana hata lililoziba hunguruma.

Kwa upande wa kula, mambo yamebadilika, na wazazi husikia amri mbili tofauti wakadhani wauguzi hatuelewani. Tangu miaka ya 1990 daktari mpasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, na wenzake walionyesha kwamba mgonjwa aliyepasuliwa kwa mpango hanufaiki na njaa ndefu. Apunguziwe dawa za kundi la mofini, anyanyuliwe mapema, anyweshwe mapema. Kwa hiyo mtoto aliyepasuliwa tumbo likiwa safi anaweza kupewa maji kidogo au ziwa la mama siku hiyo hiyo au kesho yake, bila kungoja ajambe. Mjukuu wa yule bibi, mwenye usaha na mshono wa utumbo, alipaswa kungoja. Uliza lako ni lipi. Uliza pia kabla ya upasuaji afunge kwa muda wa saa ngapi: chakula saa sita, maziwa ya mama saa nne au pungufu, maji matupu saa moja hadi mbili, kufuatana na taratibu za hospitali. Mtoto aliyefungishwa tangu usiku wa manane akapasuliwa saa tisa alasiri huingia thieta amekauka.

Mtoto mkubwa anaweza kuruhusiwa kutafuna bigijii. Kutafuna kunauhadaa utumbo udhani chakula kinakuja. Kwa watoto matokeo ya utafiti hayajawa ya aina moja, ila hakuna gharama kubwa wala madhara kwa anayejua kutafuna bila kumeza. Wa miaka mitatu usimpe, atapaliwa.

Mnyanyue kitandani mapema. Nitasema kweli: kutembea kwenyewe hakujathibitika kuamsha utumbo. Lakini mtoto anayelala chali siku nne hupata nimonia, na nimonia hulaza utumbo. Mshikie mto mdogo juu ya kidonda anapokohoa. Mchanga mbebe kifuani, kichwa juu, si mgongoni ambako tumbo linabanwa. Mfunike, hasa njiti, kwa sababu mwili ukipoa kila kitu kinapunguza mwendo.

Wageni wakija na mafuta ya mbarika, na juisi ya kufungua tumbo, na ushauri wa kumpiga bomba, wapokee kwa heshima na uviweke vyote chini ya kitanda. Kusukuma kitu kutoka nyuma kuelekea mshono ambao bado haujashika kunaweza kuufumua.

Sasa hatari. Utumbo uliolala huvimba taratibu na hauumi sana. Utumbo ulioziba huuma kwa mawimbi: mtoto anakunja uso, analia, anapumzika, analia tena. Tuite pale unapoona mawimbi hayo. Tuite upesi zaidi ikiwa alishaanza kujamba na kula, kisha akaacha na kutapika kijani upya. Huenda makovu mabichi yamenasa utumbo. Kwa watoto kuna jambo jingine linalosahaulika: katika wiki mbili za kwanza baada ya upasuaji mkubwa, utumbo mwembamba unaweza kujiingiza ndani yake, bila damu kwenye choo, na watu wakaendelea kusema "utumbo bado umelala". Homa inayorudi siku ya tano hadi ya saba, tumbo gumu, mapigo ya moyo ya haraka, au maji ya choo kwenye kidonda, hayo yanaweza kuwa usaha uliojificha au mshono unaovuja. Usiseme "mtoto hajajamba", kwa sababu tutakuambia ngoja. Sema "alikuwa anajamba, ameacha, na anatapika kijani". Sentensi hiyo humtoa daktari kwenye kiti, ikaleta picha na ultrasaundi usiku huo huo.

Mkiruhusiwa, anza na kidogo mara nyingi: uji mwepesi, mtori, ndizi iliyoiva, dafu. Maharage yangoje wiki. Choo cha kwanza kinaweza kuwa cha maji, na hakihitaji dawa. Na kovu lile usilisahau. Makovu ya ndani yanaweza kunasa utumbo baada ya mwezi, au baada ya miaka kumi. Mtoto akija kutapika kijani na tumbo kujaa akiwa shule ya bweni, mwalimu atadhani ni maharage ya usiku. Mwandikie kwenye fomu ya shule, na mfundishe mwenyewe kusema kabla hajaulizwa: nilipasuliwa tumbo nikiwa na miaka sita.